Pikapu Waliyoikimbia

Duane Brekke alikuwa hapendi vya bure, na alitaka dunia nzima ilijue. Alilisema hilo baani kwa Lyle, alilisema kanisani wakati wa kahawa baada ya ibada, alilisema gerejini kwake huku amelala chali chini ya mashine ya mtu ya kufagia theluji. Nchi imeharibiwa na wala-bure. Watu wazima, meno yao yote kinywani, wanangoja serikali iwalishe kwa kijiko. Yeye, Mungu ashukuriwe, tangu azaliwe hajala senti ya mtu. Waliomsikiliza walitikisa vichwa kukubali wakaendelea na bia zao, maana katika mji wa Halvor, kaskazini kabisa mwa Wisconsin, kusema hivyo ni kama kusema hujambo.

Mkewe LaVonne alikuwa akimsikia na kunyamaza. Bili za nyumba alizilipa yeye, na kwa hiyo alijua.

"Ijumaa sifungui," LaVonne alikuwa akimwambia Mavis Lorbeck, mwenye duka la mikate, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha saluni na vibiringisho kichwani. Saluni yenyewe ilikuwa chini ya nyumba, chumba kimoja chenye kioo, kiti na harufu ya dawa ya nywele iliyokwisha kuingia hadi kwenye zulia.

"Hufungui? Tangu lini? Mpwa wangu anaolewa Jumamosi, shoga. Unataka niende na kichwa kama kuku aliyenyeshewa?"

"Njoo Alhamisi."

"Alhamisi niko kwenye tanuri mpaka jioni. LaVonne, ni mimi huyu. Nitakuongezea kitu."

"Usiniongezee!" LaVonne alimaka, kisha akajirudi. "Yaani, si hivyo, mpenzi. Napumzika tu. Mwili umechoka."

Mavis alimtazama kwenye kioo kwa muda. "Mwili umechoka," akasema. "Sawa. Hata mimi siku hizi Jumatatu nafunga. Mwili." Wakacheka wote wawili, kile kicheko cha watu wanaodanganyana na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuulizwa.

Ukweli ulikuwa aibu tupu. LaVonne alikuwa akikataa kazi ili asipate pesa. Mwanamke aliyeshika mkasi tangu usichana, ambaye hakuwahi kumrudisha mteja hata siku ya mazishi ya mama yake mzazi, sasa alikuwa akifukuza watu mlangoni kana kwamba wamekuja kumdai.

Sababu ni bima. Mtu asiye na mwajiri wa kumkatia bima ya afya hujinunulia mwenyewe, na kwa miaka kadhaa serikali ilikuwa ikiweka ruzuku nono juu ya bei ile ili ilipike. Desemba ilipokwisha, wakubwa wa Washington, ambao bima zao wenyewe hazijawahi kukosa mlipaji, waliiacha ruzuku ile ife, wakafunga mikoba yao wakaenda likizo. Kilichobaki ni msaada mdogo wenye dari. Mkiingiza pesa chini ya dari kwa mwaka, mnasaidiwa. Mkiipita, hata kwa dola moja, msaada wote unaondoka, na ule mliokwisha kuula mnautapika. Chini ya dari, Duane na LaVonne walilipa karibu dola mia saba kwa mwezi, na hizo ziliwauma. Juu ya dari, kwa umri wao, ilikuwa karibu elfu tatu. Kila mwezi.

Na LaVonne hakuwa mtu wa kukaa bila bima. Alikuwa na baridi yabisi, ile mbaya inayokunja vidole. Sindano aliyojidunga pajani kila baada ya wiki mbili ndiyo iliyomwezesha kushika mkasi. Bei yake, bila bima, ilitosha kununua gari kuukuu. Kuna majira ya baridi kampuni ya bima ilichelewa kuidhinisha dawa ile, vidole vikajikunja kama makucha, na Duane ndiye aliyekuwa akimfunga sidiria kila asubuhi, anapapasa kulabu na kutukana, na yeye amesimama amempa mgongo, machozi yanamtoka. Bado alikuwa na miaka mitatu kabla ya kufika sitini na mitano, umri ambao serikali humpa kila mzee bima yake bila kumuuliza ana nini mfukoni.

"Nimemrudisha Mavis," alimwambia mumewe jikoni.

"Umemrudisha mteja mwenye pesa mkononi? Una wazimu?"

"Trudy kasema tukiipita dari tumekwisha." Trudy alikuwa wakala wao wa bima. "Na wewe punguza kazi. Ile mashine ya shule usiichukue."

"Trudy ananipangia kazi sasa? Eti kwa sababu ya punguzo?"

"Si punguzo, Duane."

"Ni punguzo. Kampuni inawapunguzia wateja wazuri. Hatujawahi kuchelewa kulipa hata mara moja."

"Ni ruzuku. Serikali ndiyo inayolipa. Nimekuambia mara ngapi?"

Duane aliweka uma chini. "Nimelipa kodi tangu nina ndevu tatu. Kama kuna kitu kinanirudia, ni changu. Hilo ni punguzo langu. Na hilo neno lako jingine usinitajie mezani."

"Na yule mama wa watoto watatu anayekaa kwenye trela? Anachopata yeye kinaitwaje?"

"Yule anakula jasho langu," akasema Duane, na akaongeza viazi.

Potelea mbali, LaVonne akajisemea. Iite upendavyo, ilimradi usiipite dari.

*

Kila Februari, wazima moto wa kujitolea wa Halvor huandaa shindano la kuvua samaki juu ya ziwa lililoganda. Mji mzima hutoka. Watu hutoboa barafu kwa keekee za injini, wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakatazama tundu la maji meusi na kunywa brandi mpaka pua zinakuwa rangi ya kiazisukari. Mwenye samaki mzito kuliko wote huondoka na zawadi kubwa. Mwaka ule zawadi ilikuwa pikapu mpya, ndogo, nyekundu, imeegeshwa pale pale juu ya barafu na utepe juu ya boneti, na watoto walikuwa wanaigusa kwa glavu zao kana kwamba itawauma.

LaVonne alikuwa kwenye hema la kina mama, akigawa soseji na kabichi iliyochachushwa. Duane alikuwa amenunua tiketi kama kila mtu, na LaVonne hakusema neno, kwa kuwa miaka yote hiyo mume wake alikuwa akirudi na visamaki vya kumpa paka.

Kelele zilianzia upande wa matete makavu. "Duane! Duane kapata jini!" Watu wakakimbia, wanateleza, wanaanguka, wanainuka. Duane alikuwa kifudifudi juu ya barafu, mkono umezama tunduni hadi begani, na alipoutoa ulikuwa umemshika matamvua samaki mmoja mrefu kama mguu wa mtu, mdomo wa bata, meno kama msumeno. Wakampeleka kwenye mizani. Kibao kikaandikwa upya, jina la Brekke juu kabisa, na hakuna aliyekuwa karibu naye.

LaVonne alipiga kelele pamoja na wengine. Alifurahi kabisa, kwa moyo wote, kwa muda wa kumeza tonge. Kisha yale maneno ya Trudy yakamjia: hata ukishinda bahati nasibu ya kanisa, bei ya kile kitu inahesabiwa kuwa ni pato lako. Upawa ukamtoka mkononi.

Alimkuta Duane amezungukwa na wanaume wanaompigapiga mgongoni. Akamshika mkono wa koti akamvuta mpaka nyuma ya vyoo vya plastiki, mahali pekee ambapo hapakuwa na mtu.

"Usiichukue," akamwambia.

"Nini?"

"Pikapu. Usiichukue, Duane."

"Umekunywa?"

"Bei yake itaingizwa kwenye pato letu. Tutaipita dari mbali kabisa."

"Samaki si mshahara, LaVonne! Nimemvua kwa mkono wangu! Nani amewahi kuhesabiwa pato kwa samaki?"

"Si samaki, ni gari. Ukiipokea, karatasi inakwenda kwa watu wa kodi. Tutalipa kodi yake, ruzuku ya mwaka mzima itaondoka, tutalipa bima bei kamili. Hata tukiiuza leo hii hela haitoshi."

"Nani amezungumza habari ya kuuza? Nitaiendesha! Unaona mimi naendesha nini? Unaona lile tundu kwenye sakafu? Naona barabara ikipita chini ya miguu yangu, mwanamke!"

"Na sindano zangu?"

Mlango wa choo ukafunguka, akatoka kijana mmoja, akawaona, akajifanya kiziwi, akaenda zake.

"Mikono yangu, Duane," LaVonne akasema. Alikuwa amevua glavu bila kujua. "Unataka kurudi kunifunga sidiria?"

"Unataka niwaambie nini watu wale?"

"Waambie ukweli."

"Upi? Kwamba Duane Brekke anasaidiwa na serikali? Mbele ya Lyle? Bora nizame kwenye tundu lile."

"Ungezama wewe peke yako ningekuacha uzame. Lakini atakayeshindwa kushika kijiko ni mimi."

Kipaza sauti kikakoroma, na sauti ya Lyle ikamwita mshindi jukwaani.

*

Jukwaa lilikuwa tela la kubebea magogo. Lyle, mkuu wa wazima moto na mwenye baa, mtu wa sauti kubwa na akili ya kiasi, alimkabidhi Duane kipaza sauti kwa mkono mmoja na ufunguo kwa mkono wa pili. LaVonne alisimama chini. Aliona vidole vya mumewe vikiufumba ufunguo ule, akajua kwamba amekwisha.

"Mnanijua mimi," Duane akaanza. Akakohoa. "Mnawajua wazee wangu. Baba yangu hakuwahi kuendesha gari la kampuni hii. Babu yangu hakuwahi. Sisi kwetu ni kampuni ile nyingine, tangu gari lilipoanza kuitwa gari." Watu walianza kucheka. Duane akapata nguvu, kifua kikapanda. "Leo mimi nikiingia kwenye bati hili, wazee wale watafufuka makaburini waje wanikojolee! Chukueni! Mpeni anayefuata!"

Ziwa zima lililipuka. Kofia zilirushwa juu, pembe za magari zikapigwa. Katika nchi ile wanaume huweza kubadili kanisa, hata mke, lakini kampuni ya pikapu hapana, na hawajapata kuona ushujaa kama huo. Lyle alimkumbatia Duane, akapayuka kwenye kipaza sauti, "Huyu ndiye mwanamume! Hajawahi kupokea cha mtu!"

Nafuu ilimpitia LaVonne. Mikono yake imepona. Lakini nafuu ilipopita, kilichokuja nyuma yake kilikuwa kichungu kama nyongo. Mwanamume huyu alikuwa tayari kulitukana gari la watu, alikuwa tayari kuwatoa marehemu makaburini na kuwavua suruali hadharani, lakini kusema kwamba mke wangu anaumwa na tunasaidiwa, hilo lilimshinda. Na pale jukwaani alikuwa anapunga mkono. Bwege yule alikuwa anapunga mkono!

"Wa pili!" Lyle akaita. "Ardell Kinnunen!"

Ardell alikuwa mkata magogo, kazi yake mwenyewe, msumeno wake mwenyewe, na skrubu nne mgongoni alizowekewa na daktari baada ya mti kumwangukia. Alipanda polepole. Aliupokea ufunguo, akautazama, akakuna ndevu, akamtazama mkewe Bonita, na Bonita akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza inzi.

"Rangi," Ardell akasema.

"Unasemaje?" Lyle akauliza.

"Nyekundu. Mke wangu hapatani na nyekundu. Ataniulia mbali."

Watu wakacheka tena, wakamshangilia tena. Bonita naye alicheka, amesimama pale ndani ya koti lake jekundu.

LaVonne hakucheka. Ndiye aliyekuwa akizitengeneza nywele za Bonita, na mtu akilaza kichwa kwenye beseni la kuoshea hutoa mengi. Alijua kwamba Ardell amekataa kukata eneo zima la misonobari mwezi uliopita, akasema mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika.

"Wa tatu! Mavis Lorbeck!"

Mavis alipanda mbiombio kama anayetaka liishe. "Gereji yangu fupi," akasema kabla ya kupewa kitu. "Itaingia kichwa, mkia utabaki nje kwenye theluji. Asanteni." Akashuka. Gereji ya Mavis ilikuwa inalaza gari la mikate, kubwa mara mbili ya pikapu ile, na kila mtu pale ziwani alikuwa amewahi kulisukuma gari lile kulitoa humo.

Safari hii makofi yalikuwa machache. Watu wakawa wanatazama buti zao, wengine wanachungulia vikombe vyao. Lyle, ambaye kila mtu alijua kwamba tangu mwaka mpya anaifunga baa yake mapema siku mbili za wiki, hakumuuliza Mavis swali lolote. Alisoma tu karatasi yake kwa sauti iliyopungua.

"Wa nne. Bwana Aldridge."

Preston Aldridge alikuwa na jumba la magogo upande wa pili wa ziwa, na jingine Chicago, na jingine mahali penye jua. Alikuwa na miaka sabini na kitu. Matibabu yake yote yalilipiwa na serikali kama ya kila mzee, na serikali haikumuuliza habari ya dari wala ya sakafu. Samaki wake alikuwa kisamaki cha kutosha sufuria ya mtoto. Alikuja akicheka, meno meupe yote nje, koti lake jipya bado lina mikunjo ya dukani.

"Marafiki," akasema, na akaweka mkono kifuani, "mimi nimezunguka dunia. Lakini nitawaambia kitu. Leo nimeona hapa watu watatu wanyonge, watu wa kazi, wanakataa gari! Zima! La bure! Kwa nini? Kwa sababu watu wa kaskazini hawapendi vya bure. Laiti nchi nzima ingekuwa kama nyinyi, tusingekuwa na matatizo haya." Sauti ikamtetemeka. Loo, mtu yule alitokwa na chozi kabisa. "Ninaipokea pikapu hii kwa unyenyekevu. Mtunza bustani wangu alikuwa anaihitaji."

Wakapiga makofi. Wote. Ardell alipiga, Bonita alipiga, Mavis alipiga akiwa ameuma midomo. Na aliyepiga kuliko wote, kofia juu, uso unang'aa, alikuwa Duane Brekke.

*

Walirudi nyumbani kwa gari lao kuukuu. Baridi ilikuwa ikiingia kwenye lile tundu la sakafuni na LaVonne alikuwa ameikunja miguu juu ya kiti.

"Umeona?" Duane akasema. Walikuwa wamemnywesha brandi na alikuwa na raha zake. "Imekwisha vizuri. Hakuna aliyejua."

"Wote walijua."

"Walijuaje? Umesikia walivyonishangilia?"

"Walikuwa wanakushukuru, Duane. Umewafundisha uongo wa kusema."

Duane akawasha redio, na humo alikuwamo mtu mmoja wa sauti nzito analalamika juu ya wavivu wanaong'ang'ania chuchu ya serikali kama ndama, watu wazima wasio na haya, wanaotaka kutibiwa kwa pesa za wenzao.

"Kweli kabisa," Duane akasema, kwa mazoea tu.

LaVonne aliizima redio. "Simamisha gari."

"Nini tena?"

"Simamisha, au nafungua mlango hivi hivi."

Akasimamisha kando ya barabara, katikati ya misonobari na theluji. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na taa, hapakuwa na alama ya gari jingine.

"Kesho ni siku ya sindano," LaVonne akasema. "Nani anailipia?"

"LaVonne, mke wangu, tuko njiani."

"Nakuuliza. Nani anailipia?"

"Sisi. Tunalipa kila mwezi."

"Tunalipa robo. Nani analipa sehemu iliyobaki? Umesimama mbele ya mji mzima ukasema maneno yote yaliyokujia kichwani. Mimi nataka neno moja tu. Liseme hapa, nikusikie kwa masikio yangu, twende nyumbani tukale."

"Si unajua mwenyewe."

"Najua. Nataka wewe uliseme."

"Na nisiposema?"

"Utanikuta kwa dada yangu, na sidiria atanifunga yeye."

Duane alivua kofia, akaivaa tena. Akamtazama mkewe, akaona hatanii. Akatazama barabara mbele, akageuka akatazama nyuma, akachungulia kwenye miti. Kisha akapandisha kioo cha dirisha lake mpaka juu, akaegemea upande wa LaVonne, na akamnong'oneza neno lile.